Walinzi na Siasa: Je, Tuunde Chama Chetu?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wanaofanya kazi ya kulinda, kuzima moto na kubeba wagonjwa, katika mkutano wa Buruburu, Nairobi. Tumeipiga chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamuni.)



Nimeombwa nijibu swali moja, na swali lenyewe mnalijua kwa maana ninyi ndio mliolileta. Mmesema hivi: Kila baada ya miaka mitano vyama vya siasa vinakuja kutuomba kura. Tukiisha kuwapa, hatuwaoni tena mpaka miaka mitano mingine. Basi kwa nini sisi watu wa usalama tusiunde chama chetu cha siasa, hata kiwe kidogo namna gani, tukapeleka mtu wetu Bungeni akaseme maneno yetu?

Swali hili si la kuchekwa. Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Siku mshahara wa soja unapozungumzwa katika chumba kisicho na soja hata mmoja, mshahara huo hutoka mdogo. Kwa hiyo sitawajibu kwa neno moja la ndiyo au la. Nataka tuhesabu pamoja, kama mtu anavyohesabu fedha zake kabla ya kwenda dukani. Tuone chama cha siasa ni bei gani, kisha tuone kama kuna njia nyingine ya kufika pale pale.

NENO MOJA, KAZI MBILI

Kwanza tulisafishe neno. Kwa Kiswahili twasema "chama" kwa vitu viwili mbalimbali. Kuna chama cha wafanyakazi, na kuna chama cha siasa. Chama cha wafanyakazi kazi yake ni kukaa mezani na tajiri na kupatana naye juu ya mshahara, saa za kazi, likizo, na malipo ya mtu aliyeumia. Chama cha siasa kazi yake ni kuomba kura za watu wote, walinzi na wasio walinzi, kipate kutawala au kuwachunga wanaotawala.

Cha kwanza kinamwuliza mtu: Unafanya kazi gani, na kwa nani? Cha pili kinamwuliza: Umeandikishwa wapi kupiga kura? Tofauti hii ni kubwa. Mwenye nyumba wa Buruburu anayekulipa hawezi kuwa mwanachama katika chama chako cha wafanyakazi. Lakini ukiunda chama cha siasa, kura yake utaihitaji. Yaani leo unamdai, kesho unamwomba. Mtu anayetaka kufanya mambo hayo mawili kwa wakati mmoja yafaa ajue mapema kwamba ni mambo mawili.

KAZI YETU NI YA WATU WOTE

Wako wanaosema soja wa lango si mtu wa usalama wa nchi, ni mfunguaji wa geti tu. Neno hilo tulikatae. Tarehe 7 Agosti 1998, lori la bomu lilipofika lango la nyuma la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, aliyesimama mbele yake hakuwa jenerali. Alikuwa mlinzi wa kampuni, tena bila bunduki. Aliamriwa afungue, akakataa. Watu zaidi ya 200 walikufa siku ile, lakini lori lile halikufika chini ya jengo lenyewe. Hatuwezi kujua ni wangapi wengine wangalikufa kama lingalifika.

Na hapa petu mtazame Buruburu yenyewe. Nyumba hizi zilianza kujengwa mwaka 1973, fezi baada ya fezi mpaka ya tano. Zilipangwa kwa makundi yanayoitwa korti, nyumba zimezunguka uwanja mmoja. Baadaye wenye nyumba wakaweka malango, na penye lango pakawekwa mtu. Mtu huyo ndiye anayejua gari la nani limeingia saa nane za usiku, mtoto wa nani hajarudi shule, na nyumba ya nani inatoa harufu ya gesi. Likitokea jambo, yeye hulijua kabla ya polisi, na kabla ya gari la moto. Na usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka kule Embakasi, kila mtu wa Eastlands aliona kwamba mzima moto na mbeba wagonjwa hawana usiku wala mchana.

Basi kazi hii ni ya usalama wa umma, hata kama anayelipa ni kampuni, au kaunti, au kamati ya wenye nyumba.

NANI AMEFUNGWA, NANI HAKUFUNGWA

Sasa tuje kwenye sheria. Sisi tunasema "watu wa usalama" kana kwamba sote tuko hali moja. Hatuko hali moja.

Wa kwanza ni polisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 24, imeruhusu sheria iwapunguzie askari wa Jeshi na wa Polisi haki kadhaa, na mojawapo ni haki ya mambo ya kazi, ndiyo haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo polisi wa Kenya hana chama cha wafanyakazi. Madai yake hupita katika tume, au katika kamati za uchunguzi kama ile iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, iliyotoa taarifa yake Novemba 2023.

Wa pili ni mzima moto wa kaunti. Yeye anaweza kuingia chama cha wafanyakazi. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imeiweka kazi ya zima moto katika orodha ya kazi ambazo watu hawawezi kuishi bila hizo, na mtu wa kazi kama hizo haruhusiwi kugoma. Akishindana na tajiri wake, ni kwenda mahakamani.

Tena hawa wawili wote ni watumishi wa umma. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inamkataza mtumishi wa umma kuwa mwanzilishi wa chama cha siasa, kushika cheo ndani yake, au kutangaza hadharani kwamba anakiunga mkono. Kura yake anayo, na ni ya siri. Lakini mdomo wake umefungwa.

Wa tatu ni soja wa kampuni na soja wa korti. Huyu si mtumishi wa umma. Anaweza kuingia chama cha wafanyakazi. Anaweza kugoma akifuata utaratibu wa sheria. Anaweza kuanzisha chama cha siasa, kushika cheo, na kusimama jukwaani mchana kweupe.

Ndugu zangu, mnaona jambo la ajabu lililoko hapa? Polisi amefungwa mikono miwili. Mzima moto amefungwa mkono mmoja. Soja hakufungwa hata mmoja, na soja ndiye aliyekaa kimya kuliko wote. Aliye na mshahara mdogo kuliko wote ndiye sheria iliyempa mdomo mkubwa kuliko wote, na hautumii.

Kwa hiyo mtu akisema tuunde chama cha siasa cha polisi, wazima moto na walinzi, ajue kwamba sheria itawatoa polisi na wazima moto siku ya kwanza. Watakaobaki kukijenga ni walinzi, pamoja na wale wabeba wagonjwa walioajiriwa na watu binafsi. Mzigo wote utakuwa juu yao.

MAMBO YA ZAMANI YATUFUNZE

Sisi si wa kwanza kuuliza swali hili Nairobi. Mwaka 1949 Fred Kubai na Makhan Singh waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika ya Mashariki. Serikali ya kikoloni ilikataa kuuandikisha. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, si mbali na hapa, Makhan Singh alisimama katika mkutano wa hadhara akadai nchi hizi zipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata yeye na Kubai wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka mwaka 1961. Watu wale walijua kwamba mshahara na utawala ni kamba moja yenye ncha mbili.

Kisha akaja Tom Mboya. Mwaka 1957, akiwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alishinda kiti cha Nairobi katika Baraza la kutunga sheria. Mwaka ule ule akaunda chama kidogo cha siasa kilichoitwa Nairobi People's Convention Party. Kilikuwa cha Nairobi tu, kwa maana tangu 1955 serikali iliwaruhusu Waafrika kuwa na vyama vya wilaya, si vya nchi nzima. Nguvu zake zilikuwa kwa wafanyakazi waliokaa katika mitaa kama hii ya Eastlands. Mwaka 1960 chama hicho kikaingia katika KANU, na Mboya akawa katibu mkuu wa KANU. Mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Kazi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mapatano makubwa ya mahusiano ya viwandani, ambayo yaliongoza mambo ya kazi katika Kenya miaka mingi baadaye.

Hilo ndilo funzo la kwanza: mtu aliyetoka kwa wafanyakazi akifika penye kalamu, karatasi hupatikana.

Lakini kuna funzo la pili. Mwaka 1965 mashirikisho yaliyokuwapo yalivunjwa kwa amri ya Serikali, ikaundwa COTU. Mwaka 1966 viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walijiunga na chama kipya cha upinzani, KPU, cha Oginga Odinga na Bildad Kaggia. Wengine wao walitiwa kizuizini. Mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku. Mfanyakazi aliyekuwa ameweka madai yake yote ndani ya chama kile alijikuta hana chama wala madai.

Wakati wetu si wakati ule. Vyama vya siasa havipigwi marufuku ovyo sasa. Lakini bado ni kweli kwamba chama cha siasa huweza kumezwa, kuvunjika, au kuuzwa. Chama cha wafanyakazi hakina ruhusa ya kufa, kwa sababu mshahara unadaiwa kila mwezi.

HESABU YA CHAMA KIDOGO

Haya, tuhesabu. Katiba, kifungu cha 91, inasema chama cha siasa lazima kiwe na sura ya taifa. Hakiwezi kusimama juu ya dini, lugha, kabila, jinsia au sehemu moja ya nchi. Haikutaja kazi. Basi chama cha walinzi hakikukatazwa kwa sababu ya kazi yao. Hiyo ni habari njema.

Sasa bei yake. Msajili wa Vyama hukupa kwanza cheti cha muda, na ndani ya siku 180 sharti uombe cheti kamili. Ili ukipate, sharti uwe na wanachama wasiopungua 1,000 walioandikishwa kupiga kura katika kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47. Zaidi ya nusu ni 24. Hiyo ni wanachama 24,000, kutoka makabila na sehemu mbalimbali, na afisi katika kaunti hizo 24. Na katika uongozi wa juu, wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Tena mtu hawezi kuwa katika vyama viwili vya siasa. Kila mlinzi atakayeingia itabidi ajitoe kwanza katika chama alichomo, na wengine wenu mmo katika vyama na pengine mmekwisha sahau.

Walinzi wa nchi hii ni wengi sana, na watu 24,000 wanaweza kupatikana. Lakini niwaulize: Kama tunaweza kuwapata walinzi 24,000 katika kaunti 24, wote wana kadi, wote wanalipa, wote wanakuja mkutanoni, kwa nini tusiwaingize kwanza katika chama cha wafanyakazi? Sheria ya kazi inasema tajiri lazima akitambue chama cha wafanyakazi kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Wangapi kati yetu kampuni zao zimefika nusu hiyo?

Tena tuseme tumekwisha andikishwa. Bunge letu la Taifa lina wabunge 290 wa majimbo na wanawake 47 wa kaunti. Mlinzi akisimama katika jimbo, hashindani na walinzi wenzake, anashindana na wenye fedha na magari, na walinzi hawakurundikana katika jimbo moja. Tumetawanyika, mmoja hapa langoni, mmoja pale. Huo ndio ugumu wa kazi yetu hata katika siasa: wachimba migodi hukaa pamoja, makuli wa bandari hukaa pamoja, lakini mlinzi hukaa peke yake.

WENZETU WA UFILIPINO

Kuna nchi ambako chama kidogo cha watu wa usalama kimeingia Bungeni. Ni Ufilipino. Kule kuna chama kiitwacho PATROL, kilichosimama kwa jina la wafanyakazi wa usalama wa umma, na katika uchaguzi wa 2019 kilipata kiti kimoja.

Kiliwezaje? Si kwa sababu watu wa kule ni hodari kuliko sisi. Ni kwa sababu ya sheria yao. Katiba yao ya 1987 imetenga sehemu moja kwa tano ya viti vya Baraza la Wawakilishi kwa vyama vya orodha, na sheria ya 1995 ikaeleza namna ya kuvipata. Mpiga kura hupiga kura mbili, moja ya mbunge wa wilaya yake, ya pili ya chama cha orodha. Kura za nchi nzima hujumlishwa. Kwa hiyo mlinzi aliye peke yake kaskazini na mlinzi aliye peke yake kusini kura zao hukutana. Na chama kimoja hakiwezi kupata zaidi ya viti vitatu, ili wadogo nao wapate.

Lakini hata kule si peponi. Lawama kubwa ni kwamba viti vingi vya orodha vimekamatwa na matajiri na jamaa za wanasiasa wanaovaa jina la wanyonge. Mlango ukifunguliwa kwa ajili ya maskini, wenye nguvu nao huupita. Kwa hiyo haitoshi kuwa na mlango. Yafaa pia kuwa na mtu wa kuusimamia, na sisi kazi ya kusimamia mlango twaijua.

MLANGO ULIOMO KATIKA KATIBA YETU

Je, Kenya hatuna mlango kama huo? Tunao, lakini mdogo, na ufunguo wake uko mfukoni mwa wengine.

Sikilizeni vizuri. Kifungu cha 97 cha Katiba kinasema Bunge la Taifa litakuwa na wabunge 12 wa kuteuliwa na vyama, kuwakilisha watu wenye mahitaji ya pekee. Kikataja watatu kwa majina: vijana, watu wenye ulemavu, na wafanyakazi. Narudia: na wafanyakazi. Neno letu limo ndani ya Katiba. Hatuombi sadaka.

Lakini viti hivyo 12 hugawanywa kwa vyama vilivyomo Bungeni, kwa kadiri ya wabunge wao. Waliochaguliwa ni 337. Gawanyeni kwa 12, mtaona kwamba kiti kimoja kinasimama juu ya wabunge kama 28. Chama chetu kidogo cha walinzi, hata kikishinda jimbo moja au mawili, hakitakigusa kiti hicho. Ndiyo kusema, njia ya Ufilipino kwetu imezibwa kwa hesabu, wala haikuzibwa kwa ubaya wa mtu.

Basi tufanyeje? Hapa ndipo jibu langu lilipo. Kama ufunguo uko kwa vyama vikubwa, tuvidai vyama vikubwa. Kila chama lazima kipeleke orodha yake ya majina kwa Tume ya Uchaguzi siku 45 kabla ya siku ya kura. Uchaguzi mkuu ujao kwa mujibu wa Katiba ni Agosti 2027. Basi orodha itafungwa mwisho wa Juni. Baada ya hapo kupiga kelele ni bure. Kabla ya hapo, kila chama kinachotaka kura za walinzi kiulizwe kwa barua: Katika orodha yenu, nani ni wa wafanyakazi? Amefanya kazi gani? Amewahi kulipa ada ya chama cha wafanyakazi? Wasipojibu, kutojibu kwao tukupige chapa katika gazeti hili. Wakijibu, majibu yao tuyapige chapa vile vile.

MAMBO YETU YANAAMULIWA WAPI

Jambo jingine la kujua ni kwamba mambo yetu hayaamuliwi mahali pamoja. Katiba imegawa kazi. Zima moto na ambulansi ni kazi ya kaunti. Polisi na sheria za kazi ni mambo ya Serikali ya Taifa. Kampuni za ulinzi zinasimamiwa kwa sheria ya Bunge ya 2016.

Kwa hiyo mzima moto anayetaka gari jipya, buti na kofia, neno lake liko katika Bunge la Kaunti. Nairobi ina wadi 85, na diwani wa wadi ndiye anayepitisha bajeti hiyo. Wadi si jimbo. Huweza kuamuliwa kwa kura mia chache. Tena mtu huweza kusimama bila chama, akiwa mgombea wa kujitegemea. Mwanzo wetu wa kumpeleka mtu wetu barazani, nauona huko kwenye wadi, kabla ya kuota Bunge.

Na soja anayetaka mshahara, neno lake liko kwa Serikali ya Taifa. Mei 2022 mshahara wa chini wa mlinzi wa mchana katika Nairobi uliwekwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Mwaka 2024 ikaongezwa asilimia 6. Mwishoni mwa 2023 mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi ilitangaza kwamba mlinzi wa Nairobi na viunga vyake alipwe shilingi 30,000. Mkashangilia, nami nilishangilia. Lakini waajiri waliipinga amri ile mpaka mahakamani. Mnajua wenyewe bahasha zenu zilisemaje baada ya kelele zote zile.

Kwa nini? Nasema ni kwa sababu amri ilitoka juu, na chini yake hapakuwa na watu wa kuishikilia. Kampuni zilikuwa na mawakili. Kampuni zilikuwa na umoja wao. Soja alikuwa na redio yake ndogo, akisikiliza habari za mshahara wake mwenyewe kama anayesikiliza matokeo ya mpira.

Tazameni pia saa. Amri ya mishahara ya kazi ya ulinzi inasema juma la kazi ni saa 52 kwa siku sita. Mwenye zamu ya saa 12 kwa siku sita anafanya saa 72. Hapo pana saa 20 za ziada kila juma. Kuzilipia hizo hakuhitaji chama cha siasa, wala sheria mpya. Kunahitaji chama cha wafanyakazi chenye watu, na daftari la zamu lililoandikwa vizuri.

KAZI YA KUANZA KESHO

Ndugu zangu, naona wengine wanaangalia saa, zamu ya usiku inakaribia. Basi niseme mambo manne, nimalize.

La kwanza, tujihesabu. Kila tawi liandike malango ya mtaa wake. Buruburu, tuanze fezi ya kwanza mpaka ya tano, korti kwa korti. Soja wa kampuni aandikwe na kampuni yake. Soja aliyeajiriwa na kamati ya wenye nyumba aandikwe naye, kwa maana huyo ndiye aliyesahauliwa kuliko wote. Hana kampuni, hana cheti, na aghalabu hana karatasi ya mkataba. Sheria ya mshahara wa chini inamhusu yeye pia, lakini hakuna aliyemwambia.

La pili, kura. Wengi wetu tumeandikishwa nyumbani, Kakamega, Kitui, Kisii au Siaya. Siku ya kura tuko langoni Nairobi. Nauli hatuna, ruhusa hatuna. Kura iko nyumbani na mwili uko Buruburu. Kura kama hiyo haimsaidii mtu, wala haimtishi mtu. Kila mwanachama aende kwa Tume ya Uchaguzi ahamishe jina lake mpaka karibu na lindo lake. Na katika mapatano yetu na matajiri tutie kifungu hiki: siku ya kura zamu zipangwe ili kila mlinzi apate muda wa kwenda kupiga kura na kurudi, bila kukatwa mshahara.

La tatu, karatasi moja ya madai. Isizidi ukurasa mmoja. Mshahara kama sheria ilivyoamuru, saa za ziada zilipwe, kibanda, choo, koti la mvua na tochi, na fidia kwa anayeumia kazini. Wazima moto na watu wa ambulansi waongeze yao. Na ya polisi tuyaseme sisi, kwa sababu wao hawawezi kuyasema. Karatasi hiyo apewe kila mgombea, wa kila chama, bila ubaguzi, atie sahihi au akatae mbele ya watu. Mzima moto au polisi asimpelekee mgombea karatasi hiyo, tusije tukamponza katika kazi yake. Atakayeipeleka ni soja, aliye huru.

La nne, ada ya chama cha wafanyakazi isitumike kwa kampeni ya mtu, awe rafiki yetu namna gani. Fedha ile ni ya kutetea waliofukuzwa kazi na kulipa wakili. Anayetaka kumchangia mgombea, achange kutoka mfukoni mwake.

Sasa jibu langu mmelipata. Je, tuunde chama chetu cha siasa? Sikusema tusiunde kamwe. Nimesema mwenye kuweza kuwakusanya walinzi 24,000 awakusanye kwanza mahali ambapo mshahara wao unapatanwa. Tukiisha kujihesabu, tukawa na kura hapa tunapofanyia kazi, na karatasi moja mkononi, basi vyama vikubwa vitakuja wenyewe langoni. Wakija tutawauliza kama tunavyowauliza wageni wote: Wewe ni nani, unakwenda kwa nani, na umebeba nini? Na siku ile tukiona hawana majibu, wakakataa hata kuandika jina moja la mfanyakazi katika orodha yao, tutakuwa na watu wa kutosha kuunda chama chetu, na sheria nimekwisha wasomea.

Lakini tukikiunda leo, tukiwa hatujui hata walinzi wa Fezi ya tatu ni wangapi, tutakuwa na muhuri, mwenyekiti na rangi za bendera, na siku ya kura wanachama wetu wote watakuwa wamesimama langoni, wakifungulia wenye magari waende kupiga kura.

Daftari la kuandika majina liko mezani kwa Ndugu Katibu. Anayekwenda zamu aandike kwanza, wengine wafuate. Andika jina, lango, tajiri wako, na mahali ulipoandikishwa kupiga kura.